Kadi ilimega michango ya ukoo kule Chennai, sasa wifi haniamini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina watoto wawili. Nakuandikia kwa sababu nina jambo linaloninyima usingizi.

Mwaka jana nilimsindikiza mama mkwe Chennai, India, kwa upasuaji wa nyonga. Mume wangu hakupata ruhusa kazini na baba mkwe ni mtu mzima sana, kwa hiyo safari ikaniangukia mimi. Hela zilikuwa za ukoo mzima. Baba mkwe aliuza ng'ombe kule Chamwino, shemeji akatoa hela yake ya zabibu, wifi akakopa kwenye kikoba, na ndugu wengine wakachanga walichonacho. Zote ziliingizwa kwenye akaunti yangu ya shilingi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasafiri na kadi.

Gharama ya upasuaji wenyewe ililipwa mapema kutoka huku. Mimi kule nililipia vipimo, dawa, mazoezi ya viungo, chumba cha kulala karibu na hospitali, na chakula. Hospitali nilikuwa nachanja kadi. Siku moja mhudumu alinigeuzia kimashine, kikawa kinauliza kama nalipa kwa rupia au kwa shilingi za Tanzania. Nikachagua shilingi, maana ndizo ninazozielewa, nikaona nitajua papo hapo kimetoka kiasi gani. Hela ya chakula na bajaji nilikuwa natoa ATM kidogo kidogo, rupia elfu tatu hivi, kwa kuogopa kutembea na hela nyingi kwenye mji nisioujua.

Tuliporudi tukakaa kikao cha familia, nikasoma hesabu. Risiti zote ninazo. Lakini jumla ya risiti haikulingana na kilichotoka benki. Kulikuwa na pengo la laki kadhaa na mimi mwenyewe nikashindwa kulieleza. Wifi hakusema neno pale kikaoni, ila baadaye nikasikia amewaambia watu kwamba mwalimu amerudi na dhahabu ya India. Shangazi, sikununua hata kitambaa.

Sasa daktari anamtaka mama arudi kwa upasuaji mdogo wa pili. Makadirio ya hospitali ni dola 4,000. Ukoo umeanza kuchanga tena, na wanataka niende mimi kwa kuwa mama amenizoea. Kila mtu ana lake. Shemeji anasema nifunge dola taslimu zote kiunoni, benki isipate kitu. Mume wangu anasema tuombe kadi ya mkopo. Jirani anasema nifungue akaunti ya dola. Binamu wa mume wangu aliyeko Texas anasema kadi yake haikatwi hata senti akisafiri, anashangaa sisi tunakatwa nini.

Nisaidie. Nataka kujua zile hela zilikwenda wapi, na safari hii nifanyeje zisiende tena.

Mkwe wa Chamwino, Dodoma

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa maneno. Mtu anaacha watoto wake, anakaa ugenini akimgeuza mama mkwe kitandani, halafu anarudi anaitwa mwizi. Hilo linauma, na ndiyo maana nataka tulimalize lile pengo kwanza kabla ya kugusa safari mpya.

Picha za taarifa ya benki ulizonitumia nimezisoma mstari kwa mstari. Hela hukula wewe. Zimekatwa njiani, na mahali zilipokatwa panaonekana.

Tazama siku ile ya kimashine. Risiti ya hospitali ni rupia 100,000. Taarifa ya benki inasema shilingi 3,200,000, na chini yake kuna kamstari kengine ka shilingi 96,000. Maana yake kila rupia ulibadilishiwa kwa shilingi 32. Wiki hiyo hiyo, rupia ulizotoa ATM benki yako ilizibadilisha kwa shilingi 31. Ungebonyeza rupia, ungekatwa 3,100,000 pamoja na ada ya asilimia 3, yaani 93,000. Jumla 3,193,000. Wewe ulilipa 3,296,000. Laki moja na elfu tatu zimeondoka kwa kitufe kimoja, na hayo ni malipo ya mara moja tu.

Kitufe kile kinaamua nani akubadilishie fedha. Ukichagua fedha ya nchi uliyopo, malipo yanabadilishwa kupitia mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, na benki yako inaongeza ada yake. Ukichagua fedha ya nyumbani, anayebadilisha ni kampuni inayohudumia kile kimashine, kwa bei inayojipangia yenyewe, na mara nyingi mwenye duka hupata fungu lake humo. Ndiyo sababu wahudumu wengine hukusukuma kwa upole uchague fedha ya kwenu. Kanuni za Visa na Mastercard zinataka uulizwe na uonyeshwe kiwango kabla hujakubali. Uamuzi ni wako, mhudumu hana ruhusa ya kukubonyezea.

Na usidhani ulipolipa kwa shilingi ulikwepa ada ya muamala wa nje. Benki nyingi huitoza hata hivyo, kwa kuwa aliyelipwa yuko nje ya nchi. Ule mstari wa 96,000 ndio huo. Ulikatwa na kimashine, kisha ukakatwa na benki, kwa malipo yale yale.

Sasa ATM. Ulikuwa unatoa rupia 3,000, ambazo kwa bei ya benki yako ni shilingi 93,000, na kila mara benki ilikata 12,000. Ada hiyo haibadiliki, utoe kidogo utoe nyingi. Kwa hiyo karibu asilimia 13 ya hela uliyoshika ilikwenda kwenye kuitoa tu. Ungetoa rupia 10,000 kwa mkupuo, ile 12,000 ingekuwa chini ya asilimia 4. Hofu yako naielewa kabisa, mwanamke peke yake na mgonjwa kwenye mji mgeni. Lakini ukihesabu mistari ya 12,000 kwenye ile taarifa, utaona nusu ya pengo linalokusumbua iko pale.

Kuna jambo linanikera na nitalisema. Benki inampa mtu kadi, inamwambia inafanya kazi dunia nzima, na pale kaunta hakuna anayemwambia kwa bei gani. Orodha ya tozo ipo. Kabla ya safari hii nenda tawini uiombe, ukae nayo, na usiondoke mpaka umeoneshwa mambo matatu: asilimia wanayoongeza kwenye malipo ya nje, ada ya kutoa ATM nje, na kikomo cha siku. Ukiona aibu kuuliza, kumbuka ng'ombe wa baba mkwe.

Nije kwa washauri wako.

Shemeji ana nia njema lakini mpango wake hautafika mbali. India ina sheria ya kodi iliyoanza 2017 inayomkataza mtu au taasisi kupokea taslimu ya rupia 200,000 au zaidi kwa muamala mmoja. Dola 4,000 ni zaidi ya rupia laki tatu. Utafika kaunta ya hospitali na mkanda wako wa hela, wakuambie hawawezi kuzipokea, na hapo utatafuta pa kuzibadilisha na pa kuziweka huku mama yuko kwenye kiti cha magurudumu. Halafu kuna forodha. Ukiingia India na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000 unatakiwa kuzitangaza uwanjani, na hapa kwetu kutoka au kuingia na taslimu inayofika dola 10,000 lazima utangaze pia. Wewe hujafika huko, ila michango ikiongezeka na shemeji akakupa na zake za kununulia vitu, unaweza kufika bila kujua. Na hela ya kiunoni ikiibiwa, imeibiwa.

Kadi ya mkopo anayoisema mume wako haiondoi ada ya fedha za kigeni, inaikata vile vile kama kadi ya kawaida. Ukiitumia kutoa taslimu ATM, ule ni mkopo, na kwa kawaida riba inaanza kuhesabiwa siku ile ile. Iwapo atapewa na mshahara wake unaihimili, aiweke kama akiba ya dharura, mama akipata tatizo usiku na hospitali ikataka malipo. Kwa matumizi ya kila siku, hapana.

Binamu wa Texas hadanganyi, ila anasema habari ya kwao. Marekani kadi nyingi hutoza kiasi cha asilimia 3 kwa malipo ya nje, na zipo ambazo hazitozi kabisa. Capital One kwa mfano haitozi ada hiyo kwenye kadi zake za mkopo. Hizo hupewa mtu anayeishi kule, mwenye anwani na historia ya mikopo kule. Wewe huwezi kuipata ukiwa Nkuhungu. Ila mwambie hivi: kama naye anachangia, asitume hela zake Tanzania zibadilishwe kuwa shilingi halafu zirudi kuwa rupia. Aiombe hospitali njia ya kulipa mtandaoni na alipie sehemu yake moja kwa moja kwa hiyo kadi yake isiyokatwa, achague rupia. Mchango wake utafika mzima.

Jirani ndiye aliyekaribia. Fungua akaunti ya dola, lakini usiende ukiamini kwamba huko hakuna makato. Shilingi za ukoo lazima zinunue dola, na benki itakuuzia kwa bei yake ya kuuzia. Unachopata ni nafasi ya kuchagua. Kiwango cha Benki Kuu kinatangazwa kila siku kwenye tovuti yake. Kiangalie asubuhi, pita benki mbili tatu pale mjini uulize wanauza dola bei gani, linganisha, nunua panapofaa na ubaki na risiti. Kadi ya shilingi haikupi nafasi hiyo kwa sababu bei unaijua baada ya kukatwa. Tena usitishwe na maneno ya mtaani kuwa dola zimepigwa marufuku. Kanuni zilizoanza 28 Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa ndani. Kuwa na akaunti ya dola na kununua dola za safari bado kunaruhusiwa.

Sasa ningekuwa wewe ningefanya hivi. Zile dola 4,000 za hospitali kadi isiziguse. Zitume kwa TT, yaani uhamisho wa hela wa benki kwa benki, kutoka akaunti yako ya dola kwenda akaunti ya hospitali kabla hamjaondoka. Tuseme benki inakutoza dola 50 kutuma. Kwa kadi yenye ada ya asilimia 3 zingekwenda dola 120, na hapo sijaweka tofauti ya kiwango. Kwa bili ndogo hesabu inageuka, ukituma dola 500 kwa TT ile 50 itakuumiza kuliko kadi. Kwa hiyo tuma mara moja, bili kubwa yote.

Pale benki watakuuliza gharama za kutuma abebe nani. Njiani huwa kuna benki za kati, nazo hukata. Chagua gharama zote zibebwe na wewe mtumaji, kwenye fomu huandikwa OUR, vinginevyo hospitali itapokea pungufu na utadaiwa dola ishirini thelathini mgonjwa akiwa mlangoni. Iombe hospitali ankara yenye jina la mama na namba yake ya mgonjwa, na uwaulize watazihesabu dola zako kwa rupia ngapi. Na hili tafadhali usilipuuze: namba ya akaunti ikija kwa barua pepe, pigia hospitali kwa namba iliyo kwenye risiti zako za mwaka jana, wakusomee akaunti hiyo kwa mdomo. Matapeli hupenda sana ankara za wagonjwa wa nje.

Usitume zaidi ya makadirio kwa kufikiri utarudishiwa. Hospitali ikikurudishia kwenye kadi, inarudisha rupia, zinabadilishwa tena kwa bei ya siku hiyo, na ada uliyokatwa mwanzo mara nyingi hairudi. Kikipungua utaongeza kwa kadi ukiwa kule kule.

Kadi ya akaunti ya dola itakusaidia kwa malipo ya kati: dawa, vipimo vya ziada, chumba. Hapa wengi hukosea. Wanadhani kwa kuwa kadi ni ya dola, kimashine kikisema dola wakubali. Hapana. Rupia ndiyo fedha ya pale. Ukikubali dola umerudi mikononi mwa kampuni ya kimashine. Chagua rupia kila mara, kadi yoyote iwayo. Kabla hujaweka namba ya siri, soma kioo: kama kimeandika fedha nyingine isiyo rupia, mwombe mhudumu afute aanze upya. Akisema haiwezekani, mwambie unasubiri msimamizi. Atafuta. Uliza pia benki kama kadi hiyo ya dola ina ada ikilipia rupia, maana kwa zingine ada ipo, dola na rupia ni fedha mbili tofauti.

ATM za kule nazo zina mtego huo huo, umevaa nguo nyingine. Ukishaandika kiasi, kioo kinaleta ukurasa wenye kiwango cha kubadilisha na kiasi kwa fedha ya kadi yako, na vitufe viwili. Kimoja ni cha kukubali, kingine kimeandikwa Decline, yaani kukataa. Watu huogopa kukibonyeza wakidhani muamala utafutika na hela hazitatoka. Hela zitatoka. Unachokataa ni bei yao ya kubadilishia tu, benki yako itabadilisha. Mashine nyingi India zina kikomo kwa kadi za nje, mara nyingi rupia 10,000. Toa hicho kiasi chote, nyingine ifungie chumbani na mwilini ubaki na ya siku moja.

Kwa upande wa taslimu, usiende mkono mtupu. Beba dola mia mbili tatu, noti safi, zisizochanika wala kuandikwa kalamu. Badilisha kidogo sana uwanja wa ndege, ya teksi tu, kwa kuwa bei za uwanjani huwa mbaya, na nyingine kabadilishe mjini kwenye duka lenye leseni. Kule hata muuza chai hulipwa kwa kuskani msimbo wa UPI, mfumo wao wa kulipa kwa simu, ambao kwa kawaida umefungwa na akaunti za India, kwa hiyo wewe utahitaji noti ndogo ndogo.

Kabla ya kupanda treni ya kwenda Dar, hakikisha benki imeifungulia kadi yako matumizi ya nje na laini yako ina huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje. Namba za uthibitisho za benki huja kwenye simu, na ukiwa Chennai laini ikiwa imekufa, kadi nayo imekufa.

Wifi nimemwacha mwisho makusudi, kwa kuwa huyo anataka utulivu. Usimjibu kwa maneno wala usimpelekee watu. Chukua daftari, piga safu tatu: kilichoandikwa kwenye risiti, kilichotoka benki, na tofauti. Jaza kila malipo ya mwaka jana, na pembeni ya tofauti andika imekwenda wapi, bei ya kimashine, ada ya asilimia 3, au ile 12,000 ya ATM. Kisha mume wako aitishe kikao kifupi kabla michango mipya haijaingia. Usisome wewe, asome shemeji, kwa sababu naye hela yake ya zabibu ilikuwemo na ndugu zake watamsikiliza. Taarifa ya benki iwe mezani, kila anayetaka aishike.

Wifi alikopa kikoba ili mama yake atembee, na marejesho amelipa kwa jasho. Ni haki yake kuuliza, hata kama alipita njia mbaya kuuliza. Kwa hiyo kikaoni mpe kazi: safari hii awe ndiye mtunza daftari. Wewe ukiwa Chennai kila jioni mpigie picha risiti za siku na ujumbe wa makato wa benki, umtumie yeye, yeye aandike. Na kwenye bajeti mpya wekeni mstari wa peke yake ulioandikwa gharama za benki na kubadilisha fedha, mkubaliane kiasi kabla hujaondoka, ili makato yakija yakute yameshatajwa.

Mfikishie mama mkwe salamu zangu, na Mungu awatangulie njia nzima.

Shangazi